Injini Kwenye Banda la Kuku

Jumatatu, 5 Mei

Moureen ameondoka. Ndoa ya miaka tisa, na sababu ni kona moja. Kona moja tu!

Naandika ukweli hapa kwa sababu huko nje umeshaharibiwa. Jana asubuhi nilikuwa nampeleka mke wangu kanisani. Mvua ilikuwa imenyesha, maramu ya barabara ilikuwa laini. Tulipokaribia kona ya chini ya kiwanda cha chai, akina mama wa kwaya walikuwa wanatembea kando ya barabara, na mwanamume yeyote mwenye injini mpya angefanya nilichofanya. Nilikanyaga mafuta. Kidogo! Gari likanguruma, usukani ukaninyang'anya mikono kana kwamba chini ya boneti kuna dereva wa pili mwenye safari zake, na badala ya kufuata kona tukaenda moja kwa moja ndani ya shamba la chai. Mpaka mstari wa nne.

Moureen alitokea dirishani, maana mlango wake ulibanwa na vichaka vya chai. Gauni jeupe la kwaya. Kwenye kilemba chake kulikuwa na majani mawili na chipukizi, kiwango kile kile wanachotaka kiwandani. Nilimweleza kwa utulivu kwamba mwenye shamba alipanda chai karibu mno na barabara. Alitembea hadi kanisani, akaimba nyimbo zote, na ibada ilipoisha akaomba lifti hadi Kapkatet kwa mama yake.

Lifti ya nani? Ya Mbuthia! Mbuthia mwenye duka la jumla, linalotazamana na karakana yangu ya redio na televisheni hapa Mogogosiek. Ana kigari kama changu. Aina ile ile, mwaka ule ule, hata rangi ni nyekundu ile ile. Tofauti ni kwamba chake bado kina injini ndogo kiliyozaliwa nayo, na anakiendesha kama aliyebeba mayai. Yeye ndiye aliyembebea mke wangu begi. Alilishika kwa mikono miwili!

Baba mdogo Gekara amepiga simu jioni. Tangu baba yangu afariki yeye ndiye baba. Amesema mama mkwe atakuja kwake Jumamosi, pande mbili zikae. Moureen ameshasema neno lake, nalo ni fupi. Nirudishe injini ya zamani, ama yeye abaki Kapkatet moja kwa moja.

Injini ya zamani iko kwenye banda la kuku. Kuku wawili wanatagia juu yake. Nirudishe kitu kinachotagiwa? Nimekula ugali wa jana kwa chumvi, nikiwa nimekasirika sana.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda Kapsoit kwa Owiti, fundi aliyenifungia injini hii ya tabo. Tabo ni ile mashine ya kupuliza hewa ndani ya injini mpaka nguvu inakuwa mara tatu. Nilikwenda kumlalamikia. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Kericho mjini.

Owiti alisikiliza akiwa amelala chini ya gari la mtu. Kisha akasema kutoka huko huko chini kwamba alinionya. Gari langu huvutwa na magurudumu ya mbele, na hayo hayo ndiyo yanayopiga kona. Eti nimempa mtu mmoja kazi ya kuvuta mkokoteni na kuandika barua kwa mkono ule ule. Nikikanyaga mafuta kwenye kona, yanasahau barua. Nikiachia mafuta ghafla katikati ya kona, nyuma inakuwa nyepesi na kutaka kupita mbele. Dawa? Tairi nzuri, difu ya kubana ili magurudumu yavute sawasawa, na mguu mwepesi. Ama nirudishe injini ya zamani.

Yeye pia! Nina hakika ameongea na Moureen.

Difu hakuwa nayo. Tairi nilizipuuza, tairi ni tairi. Lakini ukutani kwake kulikuwa kumetundikwa bawa. Bawa jeusi la kufunga nyuma ya gari, refu kuliko meza yetu ya kulia, pamoja na vioo viwili vidogo vya pembeni vya mashindano. Gari lenye bawa hubanwa chini na upepo. Hii ni sayansi, na nilimfundisha Owiti bila malipo. Aliniuliza kama nimegundua kwamba bawa liko nyuma na shida iko mbele. Nikamwambia afunge.

Sasa dirisha la nyuma linaonyesha bawa tu, na vioo vya pembeni vinaonyesha sikio langu. Hiyo haina neno, mimi ni mtu wa kwenda mbele.

Nikirudi, kwenye kona ya kwanza baada ya Kericho, niliona ng'ombe, nikaachia mafuta. Nyuma ikapita mbele. Nilipofungua macho gari lilikuwa limesimama vizuri kabisa upande wake wa barabara, likitazama Kapsoit. Ng'ombe hakuacha kula.

Nyumba iko kimya. Nilipika chai nikaweka vikombe viwili mezani kwa mazoea. Nimemkasirikia hata yule ng'ombe.

Jumatano, 7 Mei

Leo nimejaribu kilima.

Nyumba ya baba mdogo iko juu kabisa, ukipita kituo cha kununulia majani chai. Kilima ni udongo mwekundu, na kukinyesha huwa sabuni. Nilitaka kuhakikisha kwamba Jumamosi nitafika mbele ya mama mkwe kama mtu mwenye heshima zake.

Nilifika nusu. Magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka pale pale, moshi, kelele, harufu ya mpira. Nikaongeza mafuta. Pua ya gari ikaenda kushoto. Nikakata kulia. Ikaenda kushoto zaidi. Wachumaji wa chai walinipita kwa miguu wakiwa na vikapu mgongoni, na mmoja akanisalimia mara mbili, akipanda na akishuka.

Halafu akaja Mbuthia. Na kile kigari chake cha mayai! Alisimama chini ya kilima, akageuza gari, akaweka rivasi, akageuza shingo, akapanda kinyumenyume. Polepole. Bila kelele. Alipofika usawa wangu tukatazamana dirisha kwa dirisha, uso wake ukielekea nilikotoka na wangu nilikoshindwa kwenda.

Akaniambia, "Boss, geuza tu. Hizi gari zetu zinavuta na mbele. Ukipanda, uzito unarudi nyuma, mbele inabaki nyepesi. Ukipanda na rivasi, zile tairi ziko na kazi zinakuwa chini, zinashika."

Kisha akaendelea kupanda matako mbele. Sijawahi kuona dharau kama hiyo. Niwe na nguvu mara tatu, niwe na bawa, halafu nipande kilima cha kwetu nikikionyesha makalio? Kiptum, karani wa kituo cha majani, alisimama huko juu akicheka mpaka akashika mzani. Nilirudi chini. Kwa rivasi, ndiyo, lakini kushuka ni jambo tofauti.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepata akili usiku, nimeitekeleza asubuhi. Uzito!

Kila mtu wa nchi hii ya chai anajua. Pikapu ya majani ikiteleza kwenye kilima, wachumaji hupanda nyuma, gari hushika, gari huenda. Nimeona hivyo tangu utotoni, baba yangu akiwa kibarua kwenye mashamba makubwa. Mbuthia na sayansi yake ya dukani hawezi kujua.

Mongina, jirani yetu anayechuma chai ya Moureen, alikuwa amejaza magunia matatu tangu alfajiri. Nilimwambia apumzike, nitayapeleka kituoni mwenyewe. Alishukuru sana. Niliyapanga kwenye buti, nikayakanyaga kwa miguu yapate kuenea, nikafunga.

Kilimani gari likainua pua. Halijawahi kuinua pua namna ile. Niliona mawingu. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanakwaruza udongo kama jogoo anayetafuta wadudu, na nyuma ilikaa chini, bampa ikagusa barabara. Nilikaa pale saa nzima nikijaribu, gia ya kwanza, gia ya pili, kwa upole, kwa hasira. Nilipochoka nikabeba magunia mgongoni, moja moja, hadi juu.

Kiptum akanisalimia chamgei, nikamjibu. Akatia mkono kwenye gunia la kwanza, akautoa haraka. Majani yalikuwa ya moto. Bomba la moshi linapita chini ya buti, na mimi nilikuwa nimeyakanyaga. Yalikuwa yamegeuka kahawia. Kiptum alisema yeye ameajiriwa kupokea chai, si mboga iliyoiva. Akakataa magunia yote matatu mbele ya watu!

Mongina hakupiga kelele. Ningependelea kelele. Alitazama magunia, akatazama mikono yake, akatoa simu na kumpigia Moureen. Kwa hiyo kesi yangu ya Jumamosi sasa ina mashtaka mawili, na la pili si la haki hata kidogo, kwa sababu pikapu huwa zinashika.

Ijumaa, 9 Mei

Pikapu husukumwa na magurudumu ya nyuma. Owiti amenieleza kwa simu, polepole, kama anayemwambia mtoto habari za kifo. Pikapu uzito nyuma. Mimi uzito mbele. Mbona mtu asiseme mapema! Nilimuuliza. Akasema alisema Jumanne. Kisha mtandao wake ukapotea ghafla.

Basi mbele. Nimeweka gunia la mahindi kwenye kiti cha mbele cha abiria na kulifunga mkanda. Chini, mahali pa miguu, nimeweka jiwe la kusagia la marehemu mama. Saa nane mchana, jua likiwa limekausha udongo, nikajaribu kilima.

Nimepanda! Kwa uso! Kigari kilipita kituo cha majani kikiimba, na Kiptum akainua kofia. Nilipiga honi mpaka juu. Nilikuwa peke yangu ndani ya gari, na nilifurahi, na nikageuka kumwambia Moureen, nikaona mahindi.

Hapo ndipo mpango wote ulipokuja kichwani. Mama mkwe ndiye hakimu wa kesho. Akipanda gari hili mwenyewe, akafika juu salama, akasema kwa kinywa chake kwamba ni gari zuri, Moureen atajibu nini? Nimempigia baba mdogo kumwambia nitamchukua mama mwenyewe, kwa heshima. Akasema Mbuthia ameshaombwa, na leo hii amemleta Moureen aje asaidie kupika, na kesho saa nne atamchukua mama. Nikasema hakuna shida, nitaongea na Mbuthia.

Nimeongea na Mbuthia. Nimemwambia safari ya mama imesogezwa hadi saa saba. Si uongo. Mimi ndiye niliyeisogeza.

Baadaye nimekumbuka jambo moja. Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima kati ya wakwe. Mimi na mama mkwe hatushikani mikono. Hatukai karibu. Simtazami usoni, naye hanitazami. Miaka tisa namfahamu kwa viatu vyake. Kwa hiyo kesho hawezi kukaa mbele kando yangu, hata dunia ikiisha. Atakaa nyuma. Na anakuja na mdogo wake, Drusilla, naye ni mkwe vile vile, ingawa yeye huongea nami, naye pia nyuma. Na wote wawili, nasema kwa heshima, Mungu amewajalia miili.

Lakini mahindi yako mbele, na jiwe lipo. Kusinyeshe tu.

Jumamosi, 10 Mei

Kumenyesha.

Nitaandika kwa utaratibu, ingawa nina hasira.

Saa nne kamili nilikuwa Kapkatet. Nilitazama chini kama inavyopasa. Viatu vyeusi vya mama mkwe, viatu vya kahawia vya Drusilla, mkungu wa ndizi, mfuko wa unga wa wimbi, jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Vyote vikaingia nyuma. Mama hazungumzi nami moja kwa moja, kwa hiyo alimwambia Drusilla aniulize kwa nini mahindi yamekaa kiti cha mbele na kufungwa mkanda wakati watu wazima wanabanana na jogoo. Drusilla akaniuliza. Nikamwambia Drusilla amwambie mama kwamba ni kwa ajili ya usalama. Mama akamwambia Drusilla kwamba amesikia.

Barabarani nilikanyaga mafuta kwa ncha ya kidole gumba. Hata hivyo kila nikiongeza kidogo usukani unavuta, na mimi nauvuta, na aliyetuona kwa nyuma lazima alidhani gari limelewa. Drusilla aliimba wimbo wa mazishi. Lakini tulifika chini ya kilima wazima, na mvua ikaongezeka.

Juu kabisa, kwenye ua wa baba mdogo, niliwaona wote. Baba mdogo Gekara na mwavuli. Wazee wawili wa kanisa. Na pembeni, na leso mabegani, Moureen. Siku sita sikuwa nimemwona. Papo hapo nikakanyaga mafuta kuliko nilivyokusudia.

Tulifika nusu. Pale pale pa Jumatano! Mahindi yalikuwa mbele, lakini nyuma kulikuwa na Mungu na baraka zake zote, na mkungu wa ndizi juu. Pua ikainuka. Magurudumu yakazunguka, tope likaruka mpaka kwenye kioo. Tukaanza kuteleza kurudi chini, kwa upande, polepole, jogoo akiwika.

Na nani yuko nyuma yetu anapiga honi? Mbuthia! Alikuwa amepitia Kapkatet mapema, akaambiwa wageni wameshachukuliwa. Alishuka na gamboti zake, akainama kwenye dirisha langu, akamsalimia mama kwa adabu zote, kisha akaniambia neno moja. Rivasi.

Nilimwambia haiwezekani. Sikusema sababu, kwa sababu sababu ilikuwa imekaa nyuma yangu. Kupanda kwa rivasi lazima ugeuze shingo utazame nyuma. Dirisha la nyuma ni bawa tupu. Vioo ni sikio. Na kati yangu na dirisha kuna uso wa mama mkwe, karibu kabisa, na kilima kina mita mia mbili. Nimtazame mama wa mke wangu usoni mita mia mbili, mkono wangu ukiwa nyuma ya kiti? Siku ya kesi? Mbele ya wazee? Heri tulale pale.

Nikamwambia Drusilla amwambie mama kwamba tumekwama. Mama akamwambia Drusilla kwamba ameona. Mvua ikapiga bati la gari. Juu, Moureen alikuwa ameshuka hatua kadhaa na kusimama, mkono mdomoni.

Ndipo mama mkwe alipofanya jambo ambalo sitalisahau. Aligeuka. Alipiga magoti kwenye kiti cha nyuma, akanipa mgongo, akafungua dirisha la pembeni, akatoa kichwa nje kwenye mvua. Akaniambia nisigeuke, nitazame mbele yangu. Aliniambia mimi! Si Drusilla! Akasema yeye ataona na mimi nitaendesha, na kila mtu atatazama kwake.

Nikashuka taratibu, nikageuza gari pale chini, nikaweka rivasi. Tukaanza. Mimi natazama bonde, yeye anatazama kilima, migongo imepeana heshima. Mama akatoa amri. Kushoto kidogo. Nyoosha. Polepole, usikanyage. Kulia. Usikanyage, nimesema! Na gari likapanda. Sijui niseme nini. Magurudumu yalishika udongo kama yaliyozaliwa kwa kazi hiyo. Tulipita kituo cha majani na Kiptum akavua kofia kabisa, kwa ajili ya mama. Drusilla alibadilisha wimbo.

Tukafika juu. Kilima kikaisha. Lango la baba mdogo lilikuwa hatua thelathini, mahali tambarare, watu wote wanatazama. Moureen alikuwa anatabasamu. Nilimwona kwa macho yangu, anatabasamu!

Mama akasema basi, nisimame hapo, watashuka.

Sasa nauliza, mwanamume aingie kwa baba yake kinyumenyume? Mke wake akitazama? Kilima kilikuwa kimeisha, hoja yao ilikuwa imeisha. Nikazungusha gari liingie kwa uso. Nikakanyaga mafuta.

Usukani ulienda wenyewe. Tulipita lango kwa nje, tukapita choo, tukaingia kwenye nepia ya ng'ombe wa baba mdogo, nyasi ndefu kuliko gari, na huko ndani tukasimama. Bawa likabaki kwenye waya wa kuanikia nguo.

Mama mkwe alitoka kwenye nyasi akitembea wima, jogoo mkononi, nyasi kwenye kilemba. Moureen alipoiona ile nyasi alifunika uso. Nilijua nimekwisha. Sikuweza kula. Niliketi kwenye kigoda cha mlangoni nikangoja wanivunjie nyumba yangu.

Mama mkwe alizungumza wa mwisho. Aliwaambia wazee, huku akitazama ukuta, kwamba alikuja na nia ya kurudi na binti yake. Lakini leo amemjua mkwe wake kuliko miaka tisa yote. Akielekezwa, anasikia. Mita mia mbili alisikia kila neno, na alikuwa na adabu, hakugeuka hata mara moja. Kisha akaachiwa peke yake dakika moja tu, na wote wameona nyasi. Mtu wa namna hii hawezi kuachwa peke yake. Kwa hiyo Moureen arudi nyumbani, na injini ya zamani irudi kwenye gari.

Wazee wakasema amina. Mbuthia, ambaye hakualikwa, alisema amina kwa sauti kuliko wote. Mimi nilitaka kupinga yale maneno ya dakika moja, lakini Moureen alikuja akasimama kando ya kigoda changu, akanitoa tope sikioni kwa leso yake.

Tumerudi nyumbani kwa gari la Mbuthia. Alitupitisha kona ya kiwanda kwa mwendo wa mtu anayetafuta sindano. Nimeudhika kila hatua ya njia, na nimemshika Moureen mkono.

Jumatano, 14 Mei

Nimetimiza amri ya mama mkwe. Owiti alikuja Jumatatu na vyombo vyake, akalivuta gari kutoka kwenye nepia hadi nyumbani, akafukuza kuku, akaosha mavi na mayai yaliyovunjika, na leo injini ya zamani iko mahali pake mbele ya gari. Inasikika kama cherehani. Moureen amekwenda na gari kituoni na kurudi, na majani ya Mongina yamepokewa yote. Mongina sasa ananisalimia, kwa mbali. Jioni kuna vikombe viwili mezani, na vyote vina mtu. Nimebadilika. Nimemwambia Moureen hivyo, na nilimaanisha.

Lakini haki ni haki. Injini ya tabo imewekwa kwenye banda la kuku, na kuku wameikataa. Hawataki hata kutua juu yake. Nimekwenda kuitazama mara tatu leo. Injini nzima, yenye nguvu vile, imefunikwa gunia!

Nikawa nafikiria maneno ya Owiti. Magurudumu ya mbele yana kazi mbili, kuvuta na kupiga kona. Sawa. Mbuthia anasema ukipanda kilima uzito unarudi nyuma. Sawa. Na magurudumu ya nyuma yana kazi gani? Hayana! Yanafuata tu, miaka yote, bure. Hivi katika watu wote hawa wenye midomo, Owiti, Mbuthia, Kiptum, hakuna hata mmoja aliyejiuliza kuhusu magurudumu ya nyuma? Injini ndogo ya Moureen ibaki mbele kama mama alivyoamuru. Na ile nyingine ikae kwenye buti, ikisukuma. Mbele cherehani, nyuma radi. Kilima kile nitakipanda kwa uso hata kukinyesha mawe.

Nimempigia Owiti. Mtandao wake umepotea kabla sijafika mwisho. Nitamtafuta fundi mwingine, Kericho hawajaisha.

Nimechukua utepe wa kupimia nguo wa Moureen na kupima buti. Upana unatosha. Kimo kimezidi kwa vidole vinne, lakini kifuniko kinaweza kukatwa. Nilikuwa bado nimeinama humo ndani aliponiuliza kutoka jikoni ninapima nini. Nikamwambia nataka kujua kama magunia yake ya majani yataenea vizuri bila kukanyagwa.

Alitoka na kikombe cha chai, akanishikisha, akaniwekea mkono mgongoni. Kisha akampigia mama yake simu pale pale, nikasikia anamwambia kwamba kweli maneno ya Jumamosi yaliniingia.